Viatu na pedali za kunasa kwa baiskeli ya milimani: nianze na kiatu au pedali?

Msasa43

Wakuu, naombeni akili zenu.

Huu ni mwaka wa 3 naendesha baiskeli ya milimani, na muda wote nimekuwa kwenye pedali bapa, zile zenye vijino vya chuma. Muundi wangu wa kulia ukiuona utadhani nafuga chui. Kupanda hakunisumbui sana, najikongoja mpaka nafika. Kinachonimaliza ni kushuka penye mawe. Baiskeli inatetemeka, mguu unaruka, na ukirudi chini hauikuti pedali pale ulipoiacha. Juzi kilichoikuta pedali ni muundi, si soli. Nikasema basi, nahamia kwenye zile za kunasa.

Hapo ndipo nilipopotea. Kila ninayemuuliza ananitajia herufi na namba. Binamu yangu, mtu wa baiskeli za lami, kanipa viatu vyake vya zamani. Ni vyeupe, soli inang'aa kama sahani, chini vina matundu 3 yaliyokaa pembetatu. Urefu vinanienea (navaa 43), ila upana vinabana, maana nyayo zangu ni za bata. Je, vinaweza kufungwa kliti za milimani? Kwa atakayesoma baadaye, kliti ni kile kipande kinachofungwa chini ya soli na kunasa kwenye pedali.

Goti langu la kushoto liliwahi kuumia kwenye mpira, na likilazimishwa kukaa mkao mmoja kwa muda mrefu linaanza kunung'unika. Halafu njia zangu zina sehemu ambazo hakuna namna, nashuka na kubeba baiskeli begani juu ya miamba.

Na niseme ukweli, naogopa kuanguka nikiwa nimenaswa. Mtu mzima, baiskeli imesimama, unalala pembeni kama gunia. Kwa hiyo swali langu hasa ni hili: nitafute kiatu kwanza au pedali kwanza?

---

Mzee wa Grisi

Mkuu Msasa, viatu vya binamu mrudishie na shukrani. Matundu 3 ni ya lami. Kliti zake ni pana, nyingi za plastiki, zinatokeza nje ya soli, na ukipanda nazo juu ya mwamba utateleza kama umekanyaga sabuni. Kliti za milimani ni ndogo, za chuma, zinashikwa na bolti 2, na zinazama katikati ya meno ya soli ili ukishuka utembee kwa mpira. Na hata vingekuwa na matundu unayoyataka ningekwambia urudishe tu, kwa sababu umeshasema vinabana.

Anza na kiatu. Wengi huanza na pedali kwa sababu inang'aa na ina uzito wa kujisifia mbele ya wenzako. Lakini kiatu cha matundu 2 kinapokea kliti za karibu pedali zote za milimani. Shimano, Crankbrothers, Time, zote zinakaa kwenye nafasi ileile. Visivyochanganyika ni kliti na pedali. Kliti ya Crankbrothers haishiki kwenye pedali ya Shimano, na ya Shimano haishiki kwenye ya Time. Ukipata kiatu sahihi, uchaguzi wa pedali bado uko mikononi mwako. Ukikosea kiatu, hakuna pedali ya kukuponya.

Sasa kiatu chenyewe. Raba ya kukimbilia inapinda na kuuzoea mguu wako. Soli ya kiatu hiki haipindi, ndiyo kazi yake, kwa hiyo kikibana siku ya kwanza kitabana mpaka siku utakayokigawa. Kijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uvae soksi zilezile unazoendeshea. Simama, panda ngazi kwa ncha za vidole. Kisigino kisiinuke ndani ya kiatu. Vidole viweze kuchezacheza. Pembeni, pale unyayo ulipo mpana zaidi, usisikie ukuta. Kubanwa hapo ndiko kunakoleta ganzi na kuwaka moto chini ya unyayo baada ya saa 1, na mtu anakwenda kulaumu pedali.

Usifanye kosa nililofanya mimi. Nyayo zangu pia ni pana, nikaona nipande saizi 2 ili nipate upana. Upana niliupata, na kisigino kikaanza kuogelea, na ile nafasi ya kliti haikuwa tena chini ya mfupa unaotakiwa. Niliendesha msimu mzima nikisukuma kwa vidole. Wapo watengenezaji wanaotoa kiatu kilekile katika umbo pana zaidi kwa saizi ileile. Tafuta hicho.

Kwa kuwa unabeba baiskeli, achana na soli ya kaboni. Ni nyepesi na inapeleka nguvu yote kwenye pedali, lakini juu ya mwamba inakufanya utembee kama jogoo mwenye viatu. Chukua soli ya nailoni inayolegea kidogo mbele ya vidole, yenye mpira laini chini, na yenye kinga ya vidole mbele. Mawe hayana huruma. Kamba, velkro au kile kitufe cha kuzungusha, hilo ni la roho yako. Mimi natumia kamba, zikikatika nafunga fundo.

---

Bapa Milele

Mimi nitakuwa mtu mbaya hapa. Mguu unaoruka wakati wa kushuka si lazima utibiwe kwa kunaswa. Shusha visigino chini ya pedali, kunja magoti, acha miguu ifuate baiskeli badala ya kupigana nayo. Na kiatu chenye soli bapa ya mpira laini kinashika vijino hata ukitaka kutoka unainua kwanza. Msasa, unavaa kiatu gani sasa? Isije kuwa raba ya kawaida.

Halafu mbona wenyewe wanaziita kwa Kiingereza "zisizo na klipu", na kazi yake ni kunasa? Hata jina linadanganya.

---

Msasa43

Bapa, umenikamata. Ni raba ya kawaida, na upande wa kulia imetoboka. Lakini nimeshaamua, nataka kujaribu. Nikishindwa nitarudi kwako kichwa chini.

---

Mzee wa Grisi

Bapa yuko sahihi kuhusu visigino, na Msasa, jifunze hilo hata ukinaswa. Atakayeficha ufundi mbovu nyuma ya springi ya pedali, ile inayoshika kliti, ataumbuka penye kona.

Kuhusu jina: zamani pedali zilikuwa na vikapu vidogo vya chuma mbele, pamoja na mkanda wa kukaza juu ya vidole. Vikapu hivyo ndivyo vilivyoitwa klipu. Pedali za kunasa zilipokuja zikaviondoa, ndiyo maana zikaitwa zisizo na klipu. Kampuni ya Look ilitoa zake za lami 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France nazo. Sisi wa milimani tulisubiri mpaka 1990, Shimano walipoleta SPD, yenye kliti ndogo unayoweza kutembea nayo. Jina likabaki, kama majina mengi.

Ukiniuliza pedali ya kwanza nitakwambia SPD ya pande 2, ile ambayo ikigeuka vyovyote unanasa. Sababu yangu ni moja: ukazo wa springi unarekebishwa. Kuna skrubu ndogo ya alenki (ule ufunguo wa pembe sita) ya milimita 3 kila upande wa kila pedali, yaani 4 kwa jumla. Zungusha kinyume cha saa mpaka springi ilegee kabisa, na hesabu mitiko, ile milio ya "tik" unapozungusha, ili zote zilingane. Ukisahau moja, siku utakayonasa upande huo utashangaa. Ukizoea, unakaza mtiko mmoja mmoja.

Pedali za SPD za milimani kwa kawaida huja na kliti SH51, ambayo inatoka ukizungusha kisigino pembeni. Ipo nyingine, SH56, inayotoka hata ukivuta kwa pembe nyingine, kwa mfano ukiinua kisigino kwa kupinda. Wengine huwapa wanaoanza hiyo. Mimi siipendi kwa mtu anayeshuka kwenye mawe kama wewe, kwa sababu inaweza kukuachia wakati ambao hukuomba, na hapo umerudi kwenye muundi uleule. Lakini kama hofu ya kuanguka inakunyima usingizi, anza nayo, kisha uhame. Pedali ni ileile, unabadilisha kliti tu.

---

Dada Korongo

Naongeza la goti na la tope, kwa sababu Mzee ni mtu wa mawe, mimi ni mtu wa tope.

Nilianza na SPD, sasa nina miaka mingi kwenye Crankbrothers, zile zinazofanana na mchapo wa kupigia mayai. Unaingia kwa pande 4, na tope halina pa kukaa, linapenya tu. SPD ikijaa udongo mzito unapiga kisigino kwenye jiwe mara 3 ndipo inakubali. Kitu kingine kilichonihamisha ni goti. Kliti zao za kawaida zinauacha mguu ucheze digrii 6 kabla ya kuanza kutoka, zaidi ya SPD yangu ya zamani, na hakuna springi inayourudisha katikati kwa nguvu. Goti langu lilinyamaza ndani ya wiki 2. Simwambii mtu kwamba lake nalo litanyamaza.

Ubaya wake: ukazo haurekebishwi. Unachoweza kubadilisha ni pembe ya kutokea tu, kwa kuhamisha kliti yenye alama kutoka kiatu cha kulia kwenda cha kushoto au kinyume chake. Na kliti ni za shaba, zinalika haraka kuliko chuma, hasa kwa mtu anayetembea sana juu ya miamba. Msasa, kwa ulivyoeleza njia zako, hapo nakubaliana na Mzee: SPD. Ila usichukue kliti yoyote isiyoruhusu mguu kucheza hata kidogo.

Na angalia hili kabla hujaondoka na kiatu: meno ya soli yakiwa marefu sana karibu na kliti, yanagonga fremu ya pedali na unashindwa kunasa vizuri. Wengine huweka kibati chembamba chini ya kliti ili iinuke, wengine hukata mpira kwa kisu. Mimi nilikata.

---

Msasa43

Nimepata kiatu! Umbo pana, 43, soli ya nailoni, kamba. Mara ya kwanza maishani vidole vyangu vya mwisho vinapumua. Pedali ni SPD zenye fremu ndogo kuzunguka, ili nisiponasa niwe na pa kukanyaga.

Tatizo: pedali ya kushoto ya zamani imegoma kutoka. Nimening'inia kwenye spana ya 15 mpaka imeniteleza nikajikwangua vidole. Ya kulia ilitoka bila shida.

---

Mzee wa Grisi

Acha! Unaikaza. Pedali ya kushoto nyuzi zake ni za kinyume, inafunguka kwa kuzungusha kama mishale ya saa. Njia yangu ya kukumbuka ni hii: ukisimama upande wa pedali na spana ikielekea juu, kusukuma kuelekea gurudumu la mbele ni kukaza, kuelekea la nyuma ni kulegeza. Kwa pande zote mbili. Pedali mpya zina herufi R na L kwenye ekseli au mwisho wake, R ni ya kulia. Paka grisi kwenye nyuzi, anza kwa vidole mpaka iingie yenyewe mizunguko kadhaa, ndipo ushike spana au alenki. Ikigoma kwa vidole, toa uanze upya. Krenki, ule mkono unaobeba pedali, ni ya alumini, ekseli ni ya chuma, na katika ugomvi huo unajua nani anaharibika.

Kliti sasa, na hapa usiwe na haraka. Vaa kiatu, papasa upande wa ndani utafute mfupa unaotokeza nyuma ya kidole gumba, weka alama kwa kalamu nje ya kiatu. Fanya vivyo hivyo upande wa nje kwa kidole cha mwisho. Katikati ya kliti iwe kati ya alama hizo 2, na kwa mtu anayeshuka sana mimi huisogeza nyuma kidogo kuelekea kisigino, mguu unakuwa imara zaidi ukisimama juu ya pedali. Ncha nyembamba ya kliti inatazama mbele. Kwa pembe, kaa ukingoni mwa meza, acha miguu ining'inie, tazama nyayo zinaelekea wapi zenyewe. Kama wa kushoto unatazama nje kidogo, kliti iuache utazame nje kidogo. Usiunyooshe kwa ajili ya picha. Goti lako ndilo litakalolipa.

Chora mstari kuzunguka kliti kabla ya kuondoka, ili ikisogea uone. Alenki ya milimita 4, grisi kwenye bolti, nguvu ya kukaza nyutoni mita 5 hadi 6. Baada ya safari ya kwanza kaza tena. Hilo la mwisho watu hawalisikii.

---

Msasa43

Nimerudi, na nimeanguka.

Nilijifunza vizuri, naapa. Nilishika ukuta, nikanasa na kunasua mara 50 kila mguu, springi imelegezwa mpaka mwisho. Siku 3 safi kabisa, na kwenye mawe mguu haujaruka hata mara moja, Mzee ubarikiwe. Siku ya 4 nasimama penye kijito kutazama pa kuvukia. Nazungusha kisigino cha kulia nje. Kiatu kinazunguka, hakitoki. Nazungusha zaidi mpaka kisigino kinakaribia kutazama mbele, hakitoki! Nikaenda chini taratibu kabisa, nina muda wa kuyaona maji yakinijia, nikalala ubavu ndani ya kijito huku bado nimeshikilia breki. Sijui breki za nini.

Nikiwa chini bado nimenaswa. Ikabidi nifungue kamba, nichomoe mguu, nirudi nyumbani nasukuma baiskeli, mguu 1 na soksi, kiatu kinaning'inia kwenye pedali. Hata sasa ninavyoandika kiko palepale. Ni pedali mbovu?

---

Mzee wa Grisi

Pole sana, mkuu. Pedali ni nzima. Kiatu kikizunguka bila kliti kuzunguka, hesabu bolti. Nahisi una 1.

Kliti inafungua springi pale tu inapogeuka pamoja na soli. Bolti zikiwa 2 na zimekazwa, soli na kliti ni kitu kimoja. Bolti moja ikidondoka, iliyobaki inageuka kuwa ekseli: kiatu kinazunguka juu yake, kliti imelala ndani ya pedali haina habari. Ungezungusha mpaka kesho.

Kukitoa: shika kiatu kwa nguvu ukikandamiza soli juu ya kliti, mwingine asukume taya la nyuma la pedali kwa bisibisi bapa, kisha vuta kisigino juu.

---

Dada Korongo

Yalinikuta, sehemu ileile ya kuonea aibu, mbele ya kundi zima. Tangu hapo natembea na bolti 1 ya akiba na alenki ya 4 kwenye mkoba wa chini ya kiti. Na ukifungua, safisha kwanza tundu la alenki kwenye kichwa cha bolti kwa sindano. Likiwa na udongo, alenki haizami na utakiharibu kichwa.

---

Msasa43

Kimetoka. Mke wangu kashika bisibisi, mimi nimekumbatia kiatu. Na Mzee ni mchawi: bolti ni 1, tundu la pili limejaa tope.

Ile nyingine nimeikuta. Iko chini ya ngazi, hapa hapa nyumbani. Maana yake niliondoka asubuhi ile tayari sina. Grisi nilipaka. Kukaza tena baada ya safari ya kwanza, hilo sikulifanya.

---

Bapa Milele

Pedali bapa haina bolti ya kudondoka chini ya ngazi.

---

Msasa43

Ina vijino, ndugu yangu. Muundi hausahau.